Jinsi ya kumtambua giboni wa kishungi (na kwanini rangi itakudanganya)

Kuna klipu za namna hii zinazunguka sana kwenye magrupu: mnyama mweusi wa mikono mirefu kakaa kwenye tawi, kafumba macho, anapiga ukelele unaopanda mpaka spika ya simu inakwaruza, na chini yake mtu kaandika "nyani anaimba", mwingine anasema sokwe wa China, wa tatu keshakata shauri kwamba ni tumbili. Wote wamekosa. Huyo ni giboni, na kama nywele za utosini zimesimama juu basi uwezekano mkubwa ni giboni wa kishungi, wale wa jenasi (yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Nomascus. Wako spishi saba, wanaishi Vietnam, Laos, Kambodia na kusini mwa China basi, na wote saba wako kwenye orodha nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, watano wamewekwa daraja la hatarini kabisa na wawili daraja la hatarini.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye picha au klipu mkononi anayetaka kumpa mnyama jina lake la kweli, iwe anaandalia wanafunzi somo, iwe anapanga safari ya Vietnam, iwe anabishana tu na shemeji yake. Kazi yenyewe si ngumu ila ina mitego, na mtego mkubwa kuliko yote ni rangi, kwa hiyo rangi tutaifikia mbele huko, kwanza tupunguze wagombea.

Hakikisha kwanza ni giboni

Angalia mkia. Giboni hana mkia kabisa. Kima, mbega, tumbili, ngedere, nyani, wote hawa tunaowajua huku kwetu wana mikia, basi ukiona mkia unaning'inia mjadala umeishia hapo. Ukikosa mkia angalia mikono, inatakiwa iwe mirefu kuliko miguu, na akitembea juu ya tawi nene au chini anatembea kwa miguu miwili huku mikono kainyanyua juu kama mtu anayevuka mto na nguo kichwani. Lakini kutembea kwenyewe ni kwa nadra, mwendo wake ni kubembea kwa mikono tawi hadi tawi, na kasi yake ni ya kutisha.

Giboni ni ndugu wa sokwe, gorila na orangutan, ila kimwili ni mdogo, hawa wa kishungi wana kilo 7 mpaka 10 hivi, ndo maana huitwa sokwe wadogo. Kuna jambo moja watu hawalisemi: sokwe wa Gombe au Mahale ikifika jioni anajikunjia matawi anatengeneza kitanda, giboni hatengenezi kitu, analala amekaa pale pale kwenye tawi, na matakoni ana sugu ngumu za kukalia kama nyani. Sa ukikutana na picha imeandikwa "giboni kwenye kiota chake" ujue aliyeandika kabuni.

Na kama aliyeposti anaapa kaipiga porini Afrika, si giboni. Afrika hawapo. Wako Asia tu, kuanzia kaskazini mashariki mwa India na Bangladesh, unakuja Myanmar, Thailand, mpaka kusini mwa China na visiwa vya Sumatra, Java na Borneo.

Sasa mweke kwenye jenasi yake

Familia yao inaitwa Hylobatidae na ina jenasi nne zilizo hai. Zamani zote ziliwekwa kwenye jenasi moja, Hylobates, na hizi nyingine zilikuwa vijikundi tu ndani yake (jina Nomascus lilitolewa na Miller mwaka 1933). Walipokuja kuhesabu kromosomu, vile vifurushi vya vinasaba ndani ya seli, wakakuta si mambo ya kuchekea: Hylobates wana 44, Hoolock 38, siamangi ambaye ni Symphalangus ana 50, na Nomascus 52. Mwaka 2014 jenomu ya giboni ilipochapishwa, aliyetolewa sampuli ni jike wa mashavu meupe anayeitwa Asia, na ikaonekana kromosomu zao zimekatika na kuungwa upya mara nyingi mno ukilinganisha na sokwe wengine. Kwa hiyo mtu akikwambia "hizo jenasi nne ni wataalamu wanajitafutia kazi tu" mjibu kwa hizo namba.

Kromosomu huwezi kuziona kwenye picha, kwa hiyo tumia uso na kichwa.

Hoolock ana nyusi nyeupe zinazoonekana wazi, dume mweusi, jike kahawia. Wako magharibi, Assam huko India, Bangladesh, Myanmar na kipande cha mkoa wa Yunnan, China. Huko Yunnan kwenye milima ya Gaoligong ndo alikopatikana spishi iliyotangazwa mwaka 2017, Hoolock tianxing, na walimtambua kwa vitu kama umbo la hizo nyusi, ndevu, meno na vinasaba, kwa hiyo usidharau nyusi.

Siamangi ni mkubwa kuliko wote, mweusi tii dume kwa jike, na ana kifuko cha koo ambacho akiimba kinavimba na kuwa kikubwa kukaribia kichwa chake. Ukiona kifuko umemaliza. Kama haimbi zuumu miguuni, kidole cha pili na cha tatu vimeshikana kwa ngozi. Yuko Sumatra na rasi ya Malay.

Hylobates ndo kundi kubwa na ndo lenye kuchanganya. Wengi wana duara jeupe kuzunguka uso au nyusi nyeupe, au viganja vyeupe kama yule lar (spishi nitaziita kwa jina la pili la kisayansi, huyu kamili ni Hylobates lar) wa Thailand anayejaza video zote za kitalii. Mitego yake ni miwili. Wa kwanza ni pileatus, yuko Thailand, Laos kidogo na magharibi mwa Kambodia, dume mweusi na jike wa rangi ya kijivu iliyopauka mwenye kofia nyeusi, yaani ukimtazama haraka unasema Nomascus huyo. Angalia dume, ana viganja na nyayo nyeupe. Jike naye ana pembetatu nyeusi kifuani. Mtego wa pili ni klossii wa visiwa vya Mentawai, huyo mweusi mwili mzima bila alama yoyote, lakini utosi wake ni laini, hauna kishungi, na anaishi kisiwani mbali kabisa na Vietnam.

Nomascus wenyewe utawajua kwa kishungi: nywele za utosini kwa dume zinasimama wima, kichwa kinakuwa kama kimechongoka. Viganja havina weupe. Hawana nyusi nyeupe. Dume mweusi, jike wa manjano au rangi ya mchanga mwenye doa jeusi utosini. Ukipata jozi ya hivyo, mmoja mweusi mmoja wa njano, vichwa vimechongoka, uko nyumbani.

Rangi, tulia hapa kidogo

Hapa ndo watu wanaanguka. Mtu anaona wawili weusi na wawili wa njano anaandika "spishi mbili zinaishi pamoja", au anamuona wa njano anasema ni aina tofauti. Hapana. Mtoto wa Nomascus, dume au jike, anazaliwa rangi ya njano iliyofifia, ukimtazama kifuani kwa mama yake wa njano humuoni, unaona tu kimkono chembamba cheusi ngozi yake kimeshika manyoya. Halafu kati ya mwaka wa kwanza na wa pili anageuka mweusi, dume na jike wote. Kisha akikomaa, dume anabaki na weusi wake maisha yote, jike anabadilika tena anarudi kuwa wa njano, na mabadiliko hayo hayatokei usiku mmoja, kuna kipindi anakaa na madoa madoa ya kijivu, njano na nyeusi, na hicho ndo kipindi watu wanapiga picha na kutangaza kwamba wamegundua giboni mpya.

Kwa hiyo mnyama mweusi anaweza kuwa dume mzima, kijana dume, au binti ambaye hajakomaa. Mnyama wa njano anaweza kuwa mama au kichanga. Kabla hujamtaja spishi jiulize kwanza umri na jinsia, na kanuni yangu ni kwamba utambulisho wowote wa spishi uanzie kwa dume mzima kama yupo kwenye picha. Majike ya spishi zenye mashavu meupe na ya njano yanafanana mno, hata wanaofanya kazi nao kila siku wanaomba waambiwe picha imepigwa wapi kabla hawajajibu. Na kichanga cha njano peke yake, usijaribu kabisa, ishia kwenye jenasi.

Mashavu

Ukishampata dume mzima zuumu mashavuni, kuna makundi matatu: mashavu meusi, mashavu meupe, mashavu ya njano.

Mashavu meusi, yaani hakuna alama yoyote usoni, wako watatu. Concolor ni wa Yunnan, kaskazini magharibi mwa Vietnam na Laos, wengi wako kwenye milima ya Wuliang na Ailao huko Yunnan, sehemu za baridi ambazo huwezi kudhani giboni anakaa. Nasutus yuko sehemu moja tu duniani, msitu wa milima ya chokaa mpakani, upande mmoja Trung Khanh mkoa wa Cao Bang Vietnam, upande wa pili Bangliang mkoa wa Guangxi China. Hainanus yuko Bawangling kisiwani Hainan, na hakuna hata mmoja kwenye bustani ya wanyama popote pale, kwa hiyo picha yoyote ya "giboni wa Hainan" nyuma ya waya ni uongo, futa. Madume ya hawa watatu kwa picha hutayatofautisha, majike kidogo: jike wa concolor mara nyingi ana weusi unaoshuka kifuani na tumboni, jike wa nasutus doa lake la utosini ni refu linateremka kuelekea mgongoni. Ila kusema ukweli kwa hawa watatu ramani ndo itakayokuokoa.

Mashavu meupe wako wawili na hapa ndo pazuri, kwa sababu tofauti inaonekana kabisa ukijua pa kutazama. Leucogenys, wa kaskazini, ana sharafa nyeupe pana zilizopanda juu mpaka usawa wa ncha ya sikio, na chini hazigusi pembe za mdomo. Siki, wa kusini yake, weupe wake ni mfupi, unaishia kama nusu ya njia kuelekea sikio, lakini chini unazunguka pembe za mdomo na kupita juu ya mdomo. Yaani mmoja weupe umepanda, mwingine umeshuka. Chukua skrinishoti ambayo mnyama kageuza uso robo, ile ya mbele moja kwa moja inadanganya kwa sababu manyoya yanajikunja, halafu fuata mstari wa weupe kwa kidole: unaanzia wapi mdomoni, unaishia wapi sikioni. Dakika moja imetosha.

Mashavu ya njano nao wawili, annamensis na gabriellae. Mashavu ya dume ni njano iliyokolea kuelekea rangi ya chungwa, na kifuani ana ukahawia. Annamensis weusi wake ukipigwa na jua unametameta kama fedha. Lakini usimalize mjadala kwa kumeta, kamera za simu siku hizi zinatia rangi zake zenyewe, kila mnyama mweusi anametameta.

Huyu annamensis ndo mgeni wa familia, alitangazwa rasmi mwaka 2010 na Van Ngoc Thinh na wenzake. Si kwamba alikuwa kajificha, watu walikuwa wanamuona miaka yote, walimwita siki au gabriellae kutegemea mtu kasimama wapi. Walipoweka sauti na vinasaba mezani ndo ikaonekana si huyu si yule. Msishangae, hata kwetu kipunji wa mlima Rungwe alitangazwa mwaka 2005 akawekwa jenasi ya Lophocebus, mwaka uliofuata tu akahamishwa akapewa jenasi yake peke yake, Rungwecebus. Mambo ya uainishaji ndivyo yanavyokwenda.

Ramani ni nusu ya jibu

Kwanza shika mto Mekong. Nomascus karibu wote wako mashariki ya Mekong, isipokuwa concolor wachache wa kusini magharibi mwa Yunnan. Ukivuka magharibi unaingia kwa Hylobates. Kambodia ni mfano mzuri kwa sababu mto umeigawa nchi: picha ikitoka milima ya Cardamom huko magharibi ni pileatus, ikitoka Mondulkiri upande wa mashariki, msitu wa Keo Seima kwa mfano, ni gabriellae. Mtu akikwambia "nilipiga Kambodia" bado hajakwambia kitu, muulize upande gani.

Halafu Vietnam isome kutoka juu kwenda chini, ni nchi ndefu nyembamba na giboni wamepangwa humo mmoja baada ya mwingine. Mpakani kaskazini mashariki nasutus. Kaskazini magharibi concolor. Ukishuka Nghe An, hifadhi ya Pu Mat, leucogenys. Iliyokuwa Quang Binh, kule kwenye mapango ya Phong Nha, siki. Iliyokuwa mikoa ya Quang Nam na Kon Tum, annamensis, naye anaingia mpaka kaskazini mashariki mwa Kambodia. Ukivuka mto Ba kwenda kusini unamkuta gabriellae mpaka hifadhi ya Cat Tien. Mito ndo mipaka kwa sababu giboni haogelei, na pale ambapo msitu na msitu vinagusana bila mto mkubwa, ndo pale ambapo spishi mbili jirani zinakuwa ngumu kutenganisha, usilazimishe.

Laos nayo ina concolor mkoa wa Bokeo, kule watalii wanakolala kwenye nyumba za juu ya miti na kuteleza kwa waya. Picha ya Bokeo yenye dume mweusi asiye na alama ya shavu usiiite siamangi, maana nimeona hilo mara nyingi.

Na ukiona picha ya giboni anapita juu ya kamba mbili zilizovutwa kati ya miti juu ya korongo, kuna uwezekano mkubwa unamtazama hainanus mwenyewe. Mwaka 2014 kimbunga Rammasun kiliangusha maporomoko ya udongo yakakata njia yao ya matawi, mwaka 2015 timu ya Kadoorie Farm and Botanic Garden ya Hong Kong ikafunga kamba za kupandia milima, na giboni wakazitazama tu, zikapita siku 176 ndo wa kwanza akapigwa picha anavuka. Walihesabiwa 13 tu mwaka 2003, sasa wamevuka 40. Ni wachache kiasi kwamba picha zake nyingi ni za familia chache zile zile.

Sauti, kama klipu ina sauti basi tumia

Wanaimba alfajiri, dume na jike kwa kupokezana, na sauti inasikika zaidi ya kilomita moja. Kwa Nomascus sehemu ya dume na sehemu ya jike hazifanani hata kidogo na hiyo ni faida kwako. Dume anatoa milio mifupi halafu anaingia kwenye miluzi inayopanda na kushuka haraka haraka. Jike ana wito mkuu: anaanza na noti ndefu za polepole, zinapanda, zinafupika, zinaongeza kasi mpaka mwisho zinakuwa mtetemo mmoja, na hapo kileleni mara nyingi anaruka na kutikisa matawi, unaona majani yanadondoka, dume katika muda huo kanyamaza, anasubiri, akimaliza mwenzake ndo anamjibu.

Sa tazama hiyo inavyokusaidia kwenye ile shida ya rangi. Ukiona mweusi anapiga wito wa jike pembeni ya jike wa njano, huyo si dume, ni binti anaimba pamoja na mama yake na hajabadilika bado. Nimeona watu wanamuhesabu kama dume wa pili kwenye kundi, halafu wanaandika habari ndefu za madume wawili wanaoishi pamoja. Kinyume chake kundi la dume mmoja na majike wawili ni jambo la kawaida kwa hawa wa mashavu meusi, nasutus na hainanus na concolor, kwa hiyo majike wawili wa njano wazima kwenye mti mmoja ni dokezo kwamba uko kaskazini.

Kutofautisha spishi na spishi kwa sikio tupu inataka mazoezi. Kinachosaidia ni kuichora sauti, programu ya bure kama Raven Lite ya chuo kikuu cha Cornell inakuonyesha wimbo kama picha, noti zinapanda wapi na zinakaa muda gani, halafu unalinganisha na rekodi ambayo mahali pake panajulikana. Nyimbo za hawa zinafuata ramani, majirani wanafanana zaidi na wa mbali wanatofautiana zaidi, dume wa kaskazini kabisa na wa kusini kabisa hata wewe unayeanza leo utawasikia tofauti. Na si mchezo wa kitaaluma tu. Nasutus, ambaye watu walidhani katoweka mpaka alipopatikana tena Vietnam mwaka 2002, kwa miaka mingi alikadiriwa kuwa zaidi ya 100, halafu sensa ya mwaka 2021 iliyotumia droni zenye kamera za joto na alama za sauti za kila dume ikatoa jibu la 74. Hawakufa ghafla hao wengine, kuna makundi yalikuwa yanahesabiwa mara mbili kwa sababu milimani sauti inazunguka na msikilizaji wa bonde hili na wa bonde lile wote wanaandika kundi lile lile.

Ukisoma vitabu vya zamani

Hapa nipite haraka. Ukikuta "Hylobates concolor" kwenye kitabu au kibao cha makumbusho, usidhani ni concolor wa leo. Kwa miaka mingi jina hilo lilibeba giboni wote wa kishungi, wengine wakiwa nususpishi ndani yake: concolor leucogenys, concolor gabriellae, concolor hainanus na kadhalika. Baadaye hainanus na nasutus walikaa pamoja kama spishi moja kabla hawajatenganishwa, na siki alihamishwa hamishwa kati ya jirani wa kaskazini na wa kusini. Kwa hiyo rekodi yoyote ya zamani isome kwa mahali, tupa jina, chukua jina la kijiji au mto, rudi kwenye ramani ya hapo juu. Chochote cha kabla ya 2010 kinachosema siki au gabriellae kutoka katikati ya Vietnam kiangalie upya, inaweza kuwa annamensis.

Na ukikuta jina Junzi imperialis usimtafute porini, ni jenasi ya giboni aliyetoweka, alipewa jina mwaka 2018 kutokana na fuvu lililotoka kwenye kaburi la kifalme la miaka kama 2,300 iliyopita karibu na Xi'an. Kwamba giboni alifugwa kwenye nyumba ya kifalme mpaka akazikwa na mwenye nyumba, hiyo inaonyesha hii biashara ya kuwafuga si ya jana.

Kabla hujaposti

Tukiwa hapo hapo kwenye kufugwa. Zile klipu za kichanga cha giboni kavalishwa pampasi ananyonya chupa, watu wanaweka vikopa kopa, usizisambaze hata kwa nia ya kuuliza spishi. Mtoto wa giboni haachii kifua cha mama, ili umpate lazima mama apigwe risasi, na mara nyingi wakidondoka wote wawili mtoto naye anakufa. Giboni wote wako kiambatisho cha kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, biashara ya kimataifa ya wanyama hai waliokamatwa porini imepigwa marufuku. Kama lazima uulize, kata fremu moja ya uso, mtumie mtu anayejua, basi.

Picha yako mwenyewe ya porini zima GPS kabla hujaipiga, au kabla hujaiweka popote futa taarifa za mahali zilizojificha ndani ya faili. Ukiiweka iNaturalist, mtandao wa kurekodi viumbe, kwa wanyama walio hatarini mtandao wenyewe huficha pointi halisi na kuonyesha eneo pana tu, kwa hiyo pale ni salama zaidi kuliko grupu la safari lenye watu mia tano usiowajua. Andika mkoa na hifadhi, inatosha kwa utambulisho, mwindaji hana faida nayo.

Picha za bustani za wanyama ni kesi nyingine. Wengi wa Nomascus walioko Ulaya na Marekani ni wa mashavu meupe au ya njano, na kwa kuwa zamani waliitwa spishi moja walichanganywa wakazaliana, kwa hiyo kuna machotara: dume ana weupe wa siki na wimbo usioeleweka. Ukipata uso ambao weupe haupandi wala haushuki vizuri, au njano imechanganyika na nyeupe, usijitese kuchagua. Andika "Nomascus sp.", yaani Nomascus ambaye spishi yake haijajulikana, ongeza jinsia, umri unaodhani, tarehe na bustani ilipopigwa. Mwenye rekodi za uzazi za bustani hiyo akiiona anaweza kujaza yaliyobaki, lakini ukiwa umeshaandika "leucogenys" kwa kujiamini, hakuna atakayeifungua tena.